Tiba ya mazungumzo kwa nadharia ya mfungamano: hatua kwa hatua, kutoka Mwanza

Mwongozo huu ni wa wanasihi, wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii ambao tayari wanaonana na wateja. Kama bado uko chuoni, soma, ila hatua ya nne usiijaribu bila msimamizi.

Nadharia kwa ufupi. Mfungamano ni uhusiano wa karibu kati ya mtoto na mtu anayemlea. John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alisema mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu anayemlinda, na haja hiyo inajitegemea, haitokani na kunyonyeshwa tu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth akaenda kuitazama majumbani. Wengi hudhani alianzia Marekani. Alianzia ng'ambo ya ziwa letu, katika vijiji vya jirani na Kampala, mwaka 1954, akitembelea familia 26. Makundi tunayoyakariri kwa ajili ya mitihani, kama mfungamano salama (mtoto humkimbilia mlezi akatulia) na wa kukwepa (mtoto humkwepa mlezi), yalikuja baadaye, huko Baltimore, Marekani.

Toleo la kisasa la nadharia hii, ambalo wataalamu wa tiba Judith na Allan Schore walilieleza mwaka 2008 kwa jina la "nadharia ya kisasa ya mfungamano", limeweka uzito kwenye hisia na mwili: jinsi mtu anavyotulizwa na mwenzake hadi aweze kujituliza mwenyewe. Ndani ya chumba cha tiba, mwenzake huyo ni wewe. Kwa hiyo kazi yetu si kumpachika mteja kundi. Nawaona wenzangu wanatoka kwenye kikao cha kwanza wameshaandika "mfungamano wa kukwepa" kwenye faili kana kwamba ni majibu ya kipimo cha malaria. Makundi yale yalipatikana kwa watoto wa takribani mwaka mmoja wakiwa na wazazi wao, mbele ya watafiti waliofunzwa kuyasoma. Mvuvi wa miaka 40 huwezi kumvika hivi hivi.

Hatua ya 1: Weka ratiba inayowezekana, kisha uilinde

Mtu ambaye walezi wake walikuwa wakija na kutoweka hatakuamini kwa maneno yako. Atakuamini ukionekana pale uliposema utakuwepo. Huku kwetu, "kila Jumanne saa nne" haiwezekani kwa kila mtu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka, na kazi za wake zao pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, zinafuata mzunguko huo huo. Basi panga vikao kwa mzunguko huo: viwili vitatu vya karibu karibu wakati wa mbalamwezi, na simu fupi wakati wa giza, siku na saa mliyokubaliana. Mwambie mapema ni nani anasikia nyuma ya ukuta wa chumba chako. Kama ukuta ni wa mbao nyembamba, washa redio nje ya mlango.

Hatua ya 2: Chora mikono yote iliyomlea

Usianze na "Nieleze kuhusu mama yako." Watu wengi wa kanda hii wamelelewa na bibi, shangazi, dada mkubwa, pengine na mke wa mjomba aliyehamia Sengerema. Chukua karatasi mchore pamoja, kwa kufuata umri. Uliza maswali yanayoshikika:

– Ulikuwa unalala na nani?
– Ukiugua usiku, ulikuwa unamwamsha nani?
– Ulipohamishwa, nani alikuambia, na alikuambia kabla au baada ya safari?

Hilo la tatu ndilo hunipa mengi. Kulelewa na bibi si jeraha. Kinachoumiza mara nyingi ni kuamka asubuhi ukakuta mama ameondoka na kila mtu mzima anaambia watoto "amekwenda sokoni, atarudi". Ukiikuta sentensi hiyo kwenye ramani, weka alama. Mtairudia.

Hatua ya 3: Sikiliza namna anavyosimulia

Mtafiti Mary Main na wenzake, miaka ya 1980, walitengeneza mahojiano ya watu wazima kuhusu utoto wao. Walichopima hasa hakikuwa kama utoto ulikuwa mzuri au mbaya; walitazama kama mtu anaweza kuusimulia kwa mtiririko, akiwa na ushahidi wa anachosema. Kuyapima mahojiano hayo rasmi kunahitaji mafunzo maalumu, ila swali lake moja unaweza kulikopa: "Nipe maneno matano yanayoeleza ulivyokuwa na bibi yako ulipokuwa mdogo." Halafu kwa kila neno: "Unakumbuka siku gani iliyokuwa hivyo?"

Mmoja atasema "alikuwa mzuri tu", na siku yenyewe haioni. Mwingine ataanza na mwaka 1994 na kabla hujageuka yuko kwenye ugomvi wa jana, hasira ile ile. Wa tatu anasimulia vizuri mpaka afike kwenye kifo, hapo sentensi zinakatika, au anamtaja marehemu kana kwamba yupo jikoni. Huyo wa tatu nenda naye polepole kuliko wote.

Na kuna anayefunga mlango kwa methali: "Yaliyopita si ndwele." Usibishane na wahenga. Kubali, ngoja, kisha uliza, "Na hiyo ndwele, ilipokuwepo, ilikuwa inauma wapi?"

Hatua ya 4: Tuliza mwili kwanza

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wetu hukimbilia kutoa ushauri. Mtu aliyepandwa na hofu hawezi kufikiri pamoja nawe, hata maneno yako yawe ya hekima kiasi gani. Tazama pumzi, mabega, mikono, rangi ya sauti. Na anza na vyako: ukiwa unahema juu juu, yeye atakufuata.

Mfano huu nimeutunga. Mama wa makamo anayeanika dagaa amekaa mbele ya mnasihi kijana. Wameshasalimiana, shikamoo imeitikiwa.

"Mama, naona tangu tumtaje marehemu bibi umeikaza hiyo kanga."
"Wala sikuona."
"Haina neno. Tumwache bibi kidogo. Miguu inaigusa sakafu?"
"Inaigusa. Baridi."
"Basi tukae na hiyo baridi. Hatuna haraka."

(Kimya. Mnasihi anashusha sauti na kupunguza kasi.)

"Sasa ikoje hapo kifuani?"
"Kama imelegea. Ila machozi yako karibu."
"Yakija, mimi nipo."

Ona kwamba hakuna tafsiri yoyote iliyotolewa. Mnasihi ametaja alichokiona, amerudi nyuma, amekaa. Kinyume chake hutokea kwa mteja aliyezimika: macho mbali, sauti bapa, majibu ya "sijui". Huyo hahitaji kutulizwa zaidi. Mwamshe: mwombe asimame, atazame dirishani akutajie anachokiona, ongeza uhai kidogo kwenye sauti yako. Kama anapoteza fahamu ya mahali alipo au anataja kujidhuru, acha hatua hizi, hakikisha usalama wake, umpeleke kwa daktari wa afya ya akili. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando ina idara hiyo.

Hatua ya 5: Mkipishana, rekebisha kwa sauti

Ed Tronick, aliyechunguza akina mama na vichanga Marekani, aligundua kuwa hata wanaoelewana vizuri hulandana kwa takribani theluthi moja tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana na kurudiana. Hilo lilinipunguzia mzigo mkubwa: hutakiwi kuwa mnasihi asiyekosea.

Tuseme kivuko kimechelewa, kijana wa bodaboda amekuja akakuta mlango umefungwa. Wiki inayofuata anasema "hamna noma, sista", anacheka, na vikao viwili vinavyofuata haji. Usimwache afike huko. Sema wewe kwanza: "Ulikuja ukakuta sipo. Nadhani ilikuudhi, na ungekuwa na haki." Usijieleze sana, maelezo marefu humlazimisha akuonee huruma. Akikubali kuwa aliudhika na uhusiano usivunjike, amepata kitu ambacho pengine hakuwahi kukipata nyumbani.

Hatua ya 6: Kwa mtoto, fanya kazi na mlezi

Haraka tu: mtoto anaishi na bibi, haishi nawe. Tumia nusu ya muda wako kwa bibi. Kule Uganda, Ainsworth aliona kuwa mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa undani mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye mfungamano salama. Kwa hiyo muulize bibi maswali yatakayomfanya amtazame mjukuu: anapenda kulala upande gani, hulia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na hofu.

Mtu akikufundisha kumbana mtoto kwa nguvu ili "ashikamane", kataa. Mwaka 2000, huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikufa kwenye kikao cha namna hiyo. Na ukigundua mtoto anapigwa au ananyanyaswa, mfungamano unasubiri: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, bure.

Hatua ya 7: Aga mapema

Tarehe ya kikao cha mwisho itajwe mapema, irudiwe kila mnapokutana, na iandikwe kwenye ile karatasi ya ramani. Wateja wengi huacha kuja kikao kimoja kabla ya mwisho, ili waondoke wao kabla hawajaachwa. Mpigie simu, umwambie kiti kipo, na saa ni ile ile.