Kabla Hujamwita Fundi Akutundikie TV Ukutani

Bei mkubaliane kabla hajafungua begi. Braketi iendane na matundu ya mgongoni mwa TV: kwa mfano 200 kwa 200 au 400 kwa 400, hizo ni milimita. Aje na pima maji yake. Soketi iwe karibu, nyaya zisining'inie. Hayo kila mtu anayajua.

Sasa ukuta. Kama wakaa Mkomani, au nyumba yoyote kongwe ya Lamu, ukuta wako si wa bloku. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiuona ule unene utadhani unabeba jahazi, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Fundi wangu alivuka kutoka Mokowe, kijana nadhifu, picha za kazi zake kwenye simu zinapendeza, zote za nyumba za bloku. Drili yake ya kugonga ikaingia kama kisu kwenye halua. Tukafurahi! Sikujiuliza mbona unga unaomwagika ni mweupe na laini kama poda ya mtoto. Roplagi nne fupi, skrubu nne, TV ya inchi 50 juu, soda, asante.

Wiki ya tatu mama akaniuliza, "Mbona TV yako yarukuu?" Nikacheka. Usiku ule ikashuka na pande la lipu kubwa kama sinia, na ukingo wa kidaka, kile kishubaka cha ukutani, pamoja nalo. TV nilinunua nyingine. Kidaka hadi leo kina pengo.

Kwa hiyo atoboe kwanza tundu moja la kujaribu, drili isigonge. Kekee ikizama bila kukaza, bado yumo kwenye lipu au kwenye chokaa ya kiungo. Asogee mpaka apate jiwe. TV nzito itangulizwe ubao wa mti mgumu uliokazwa sehemu nyingi, braketi ije juu ya ubao. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haizihurumii hizi za kawaida. Ukuta wa zidaka au nakshi usiguswe, nunua kabati. Ukitaka kuchimba ukuta upitishe nyaya, waulize kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001.

Usimalize kumlipa kabla hujaivuta TV kwa mkono mbele yake. Mtoto asilazwe chini yake. Na namba ya fundi ipige angali mlangoni kwako, uisikie ikilia. Ya yule wangu haipatikani.