Banane ya kuendea nayo kuwinda: gisi ya kuichagua na kuipanga

Batu mingi hapa Lubumbashi banajua banane, kale kasaki ka kufunga ku kiuno, ni ya kuficha falanga ku soko, wakikuona nayo mu kiuno unaenda mu pori banakucheka. Baache bacheke. Mutu mwenye kushika bunduki anabakia na mukono moja tu ya bure, na saki ya mugongoni ili uifungue inaomba uivue, uiweke chini, uiname, na wakati ule bakanga bameshakuona bameruka. Banane ni ya kile kitu utahitaji bila kusimama, basi. Bingine byote bibakie mugongoni.

Juu ya ile, chukua kadogo. Ikiwa kubwa utaijaza tu, mutu hawezi kuona mufuko ya bule akaiacha, na kilo mbili ku kiuno toka asubui mpaka saa sita inakukata mugongo. Mifuko mbili inatosha, moja kubwa ya mbele na kengine kembamba ya nyuma yenye kugusa tumbo. Mukaba yake iwe mupana, vidole vitatu hivi, ile miembamba inajikunja kama kamba na inachoma ngozi ukitoka jasho. Bukle uivute kwa nguvu palepale mbele ya muuzaji, akikasirika nenda kwa mwingine. Bya okazi mara nyingi biko na kitambaa kigumu kushinda bipya, na kama mushono umelegea kordonye atakupigia laini ingine kwa bei kidogo.

Sasa kelele. Velkro hapana! Ile krrrr yake mu pori ya asubui hata sungura wa mbali anaisikia. Tafuta zipu, kisha toa kale kachuma ka kuvutia ufunge kakamba pahali pake, juu chuma kinagonga-gonga kila ukitembea. Pakaa buji (mushumaa) ku meno ya zipu, itateleza polepole na vumbi ya mwezi wa nane haitaikwamisha.

Rangi: kaki, kahawia, majani makavu. Bulu na nyeusi uache, kwenye kuwa nzi ya tse-tse rangi hizo njo zinabavuta, watakuganda ku kiuno siku muzima. Na tashe-tashe ya kijeshi usiguse hata wakikupatia bure, raia ukifika nayo ku bariere na bunduki mukononi utaeleza mpaka usiku.

Kupanga: masashi kwanza. Kartushi moja ya kalibre 12 iko na uzito ya gramu 40 na kitu, kumi peke yake ni karibu nusu kilo, basi beba tano ao sita mu banane, zingine mu saki. Uzipange upande moja, kitako cha shaba kiangalie juu, vidole vijue bila macho kuangalia. Shevrotine (ya risasi kubwa-kubwa) na ya risasi ndogondogo usizichanganye, moja iwe kushoto ingine kuume, na usibadilishe kila siku.

Na hapa nisikilize muzuri. Kama bunduki yako ni kalibre 12, kartushi ya kalibre 20 isiingie mu banane yako hata moja. Ya 20 ni nyembamba, inateremka ndani ya mututu na inakwama pale mbele, weye unaona chumba iko wazi, unafikiri haujaweka kitu, unaongeza ya 12 nyuma yake, unapiga, mututu inapasuka karibu na mukono yako ya kushoto. Njo maana ya 20 banaitengenezaka rangi ya manjano. Ukiwinda na mwenzako mwenye kalibre 20, kila mutu abebe zake.

Pamoja na masashi weka kamufuko ka majivu. Toa majivu ya mbabula, uchunge yabakie laini, ufunge ndani ya soksi ya mutoto. Ukiigonga kidogo utaona moshi unaenda wapi, njo harufu yako pia inaenda kule. Wakati wa baridi upepo ya kwetu inatoka sana kusini-mashariki, lakini mu mabonde inageuka, usiamini upepo ya saa moja iliyopita.

Kisha ni tudogo-tudogo: kisu ndani ya ala yake, kiberiti mu sashe ya plastiki, filimbi, tochi ndogo (mwezi wa sita, saa kumi na mbili ya mangaribi jua imeshaingia), bandaji moja pana ya kufunga kidonda chenye kutoka damu. Nyoka akikuuma ile bandaji usikazie muguu kwa nguvu, usichanje wala kunyonya. Muguu utulie, usitembeshwe, batu bakubebe ku hospitali. Maji usiweke mu banane, litri moja ni kilo moja. Karanga mukono moja inatosha, biskuti zinalia mu karatasi.

Mufuko ya nyuma ni ya makaratasi: permi ya kuwinda na ya silaha, mu sashe juu ya jasho. Sheria ya kuwinda ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inaomba permi, na mu mbuga za Upemba na Kundelungu hauwinde hata ukiwa nayo.

Ukimaliza, vaa yote pale nyumbani mu lupango, ruka mara tatu, piga magoti, lalia tumbo. Kitu ikilia, ifunge na kitambaa. Ikikuchoma tumbo ukiinama, isogeze upande wa kushoto kama unapiga na kuume, na wakati wa kutambaa uizungushe mugongoni. Ukirudia, masashi yatoke mbele haujaingia mu nyumba, yafungiwe mbali na batoto, na banane ikiwa na damu uioshe na maji ya baridi siku ileile, juu mu maji ya moto damu inashika kitambaa na haitoke tena.