Kabla ya Kuwasha Mashine ya Kusaga: Mambo ya Kuzingatia

Ukitaka kujua kama mashine ya kusaga iko salama, usianze kwa kumhoji kijana anayeiendesha. Chungulia nyuma ya mlango au kwenye kona inayorundikwa viroba vitupu, uone kama kuna fremu ya chuma yenye wavu, imeshika kutu na vumbi la unga. Hiyo ndiyo kinga ya mkanda, ule unaopeleka nguvu ya mota kwenye kinu. Ilikuja na mashine, ikafungwa kwa boliti nne, ikafunguliwa siku mkanda ulipolegea, na haikurudi tena. Mwenye mashine atakuambia vijana wa siku hizi wazembe. Mimi lawama naipeleka kwanza kwa aliyeitengeneza. Kinga inayodai spana mbili na nusu saa kila mkanda unapotaka kukazwa haitadumu mahali pake, hata uajiri malaika, maana kuna foleni ya madebe nje na kila mteja ana haraka. Ndiyo maana maandalizi ninayoyazungumzia hapa yanaanza mapema sana, mashine ikiwa bado kwa fundi.

Ukifika kwa fundi, awe wa SIDO (shirika la viwanda vidogo la Tanzania), wa Gerezani pale Dar es Salaam au wa Kariobangi jijini Nairobi, muulize swali moja kabla hamjafika kwenye bei: mkanda utakazwaje bila kuvua kinga? Akikodoa macho, mwelekeze. Mota ikae juu ya kitako chenye matundu marefu ya boliti, na iwe na skrubu ndefu ya kuisukuma nyuma. Kichwa cha skrubu hiyo kitokeze nje ya wavu. Sehemu ya kutilia grisi kwenye beringi iletwe nje kwa kipaipu chembamba, ili mtu asilazimike kupenyeza mkono karibu na puli, yaani gurudumu linalovalishwa mkanda. Kinga yenyewe iwe na bawaba upande mmoja, na upande wa pili ifungwe kwa boliti inayotaka spana. Ikiwa ya kufunguka kwa mkono mtupu, mtoto wa mteja ataifungua siku moja. Ikiwa ya boliti nne zenye nati za kutafuta sakafuni, ndiyo ile ya nyuma ya mlango.

Kwa nini nang'ang'ania mkanda kuliko kitu kingine chochote? Piga hesabu. Mota nyingi za fezi tatu tunazotumia kwenye kusaga, kwa umeme wetu wa 50 hezi, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, yaani mara 24 kila sekunde. Ikivalishwa puli yenye kipenyo cha sentimita 20, mkanda unakimbia takriban mita 15 kwa sekunde. Binadamu mzima, aliye macho, anahitaji kama robo sekunde tangu ahisi kitu hadi aanze kuvuta mkono. Ndani ya robo sekunde hiyo mkanda umeshakwenda karibu mita 4. Kijana anayejigamba kwamba yeye ni mwepesi, ataukwepa, hajui anashindana na nini.

Mahali penyewe panaponasa ni padogo: pale mkanda unapoingia kwenye puli. Upande unaotoka hutupa kitu nje, upande unaoingia huvuta ndani. Kwa kuwa mkanda unazunguka puli mbili, kuna sehemu mbili za kuvuta, moja kwa mota na moja kwa kinu, na zote hazielekei upande mmoja. Nimeona kinga nyingi zilizofunika upande wa mbele tu, ule unaotazamana na wateja, huku upande wa ukutani ukiwa wazi kabisa. Basi nani hupita upande wa ukutani? Mwendeshaji, akiwa na kopo la grisi. Kinga ifunike mbele, nyuma, juu na chini. Na kile kipande cha shafti kinachochomoza nje ya puli, chenye ufunguo wake (kijichuma kinachozuia puli isiteleze kwenye shafti), nacho kifunikwe. Kinaonekana laini kikizunguka, lakini hicho ndicho kinachokamata ncha ya khanga.

Ukubwa wa matundu ya wavu nao una kanuni zake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13857 kinapanga umbali kulingana na tundu: tundu la mraba lenye upana wa kuanzia milimita 12 hadi 20 linataka wavu ukae angalau milimita 120 kutoka kwenye kitu kinachozunguka, kwa sababu vidole vinapenya. Tundu likizidi milimita 40, mkono mzima unapita, na umbali unaotakiwa unaruka hadi milimita 850. Ule wavu wa kufugia kuku hautoshi hata ukiwa na matundu madogo, kwa sababu unabonyea ukiegemewa. Mtu akiteleza na kuuangukia kwa uzito wake wote, wavu usiguse mkanda. Jaribu mwenyewe mashine ikiwa imezimwa: sukuma kwa kiganja, kisha kwa bega.

Hapo sijasema lolote kuhusu mteja, na kwenye mashine za kusaga mteja ndiye mtu tunayemsahau. Kiwandani watu wa nje hawaingii. Kwenye mashine ya mtaani mama anaingia na ndoo yake kichwani, mtoto mgongoni, anasimama hatua mbili kutoka kwenye mkanda ili ahakikishe unga wake hauchanganywi na wa jirani. Huwezi kumlaumu, unga ni wake. Kwa hiyo kabla ya kufungua biashara, panga chumba kiasi kwamba aone unga wake bila kuingia: dirisha pana la kupokelea, au ukuta mfupi wa matofali unaofika kiunoni wenye lango linalofungwa, mdomo wa kutolea unga ukiwa upande wake na mkanda upande wa ndani kabisa. Bango la "Wateja hawaruhusiwi" peke yake halijawahi kumzuia mtu mwenye mahindi yake.

Kwa mwendeshaji, mavazi yaangaliwe kila asubuhi kabla ya swichi. Ovaroli au shati la mikono mifupi linalobana, limechomekwa. Mtandio, kanzu, kikoi, tai, kamba ya kitambulisho shingoni, shanga, pete, bangili na saa vibaki kando. Nywele ndefu, ziwe za kusuka au rasta, zifungwe ndani ya kofia. Glovu wengi huzihesabu kuwa ni usalama. Karibu na kitu kinachozunguka zina hatari kuliko mkono mtupu, kwa sababu kitambaa kikishikwa kinavuta kiganja chote. Zivae ukibadilisha chekeche mashine ikiwa imezimwa. Na asiwe mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na kuwa mpwa wa mwenye mashine aliye likizo hakubadilishi kitu.

Sasa hopa, ule mdomo wa juu wa kumiminia nafaka. Hapa ndipo vidole vingi huenda, na hapa pia ukichunguza utakuta sababu imejificha nyuma ya sababu. Hakuna anayetia mkono kwenye hopa kwa kupenda; anautia kwa kuwa mahindi hayashuki. Hayashuki kwa kuwa yana unyevu. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya hopa ni kuyakataa mahindi mabichi pale dirishani. Kipimo chake hakihitaji mashine: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Mrudishie mama akayaanike. Atanuna. Afadhali anune.

Baada ya hapo, hopa iwe na kina cha kutosha ili mkono wa mtu aliyesimama usifike kwenye nyundo, vile vyuma vinavyozunguka ndani ya kinu na kusaga, au iwekewe nondo nyembamba zilizochomelewa mdomoni, zinazopitisha nafaka na kuzuia kiganja. Iwe pia na kilango cha kutelezesha cha kupunguza mahindi yanayoingia. Sumaku mdomoni mwa hopa ni nyongeza nzuri: msumari au nati iliyojificha kwenye kiroba ikifika kwenye nyundo, chekeche hupasuka na vipande huruka. Kijiti cha kusukumia mahindi sikipendi. Kikishikwa, kinarudi na kumpiga aliyekishika, au kinamvuta mkono kabla hajakiachia.

Kuna jambo la umeme ambalo mafundi wengi huliruka ili kupunguza gharama. Mashine inayowashwa kwa swichi kubwa ya wenzo, umeme ukikatika, swichi inabaki imewashwa. Mwendeshaji anaona kimya, anafungua kinu atoe pumba zilizokwama. TANESCO, shirika la umeme, wanarudisha umeme. Huhitaji nimalizie. Dawa yake ni kuwashia mashine kupitia kontakta (swichi ya sumaku) yenye vitufe: umeme ukikatika inajiachia yenyewe, na ukirudi mashine haiondoki mpaka mtu abonyeze tena. Kitufe cha kuzima kiwe chekundu, kikubwa, mahali ambapo mtu aliyeshikwa mkono mmoja anaweza kukifikia kwa mkono wa pili au kwa goti. Na kiwepo kingine upande wa wateja, kila mtu akijue. Kabla ya kufungua biashara siku ya kwanza, jaribu: zima meni (swichi kuu ya umeme) mashine ikizunguka, subiri isimame kabisa, washa meni. Ikiondoka yenyewe, mwite fundi umeme.

Wanaotumia injini ya dizeli wana shida nyingine. Ile hendeli ya kuwashia inaweza kurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono. Ishike kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie. Gurudumu zito la injini nalo lizungushiwe kinga, jambo ambalo sijaliona likifanyika mara nyingi.

Kabla ya kufungua kinu kwa sababu yoyote, hata kubadilisha chekeche, kuna mpangilio ambao haukubali mkato. Zima kwa kitufe. Zima meni. Tia kufuli kwenye meni, na ufunguo wake uingie mfukoni mwa yule atakayetia mkono, asipewe bosi wala jirani. Kama ni dizeli, zima injini, na mkanda ukisimama kabisa uuvue. Kisha subiri. Nyundo ni nzito, na kinu kinaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya mlio kupungua, bila kelele ya kukuonya kwa sababu hakisagi kitu. Piga mstari mweupe wa rangi kwenye uso wa puli ya kinu, unaoonekana kupitia wavu. Ukiuona mstari umesimama, kinu kimesimama. Sikio linadanganya hapa. Nyundo zikibadilishwa, zibadilishwe seti nzima, na zinazotazamana ziwe na uzito mmoja. Kinu kinachotetemeka hulegeza boliti zote, zikiwemo za kinga yenyewe.

Mengine ni mafupi. Unga ukitanda hewani unaweza kuwaka na kulipuka, kwa hiyo sigara, kibatari na uchomeleaji visisogezwe karibu mashine ikifanya kazi, na vumbi lifagiliwe kila jioni. Vizibo vya masikio vivaliwe pale ambapo mtu anapaza sauti ili aliye hatua moja mbele amsikie. Taa iwepo juu ya mkanda. Mkanda unaoteleza usipakwe kitu cha kunata ukiwa unazunguka, na usirudishwe kwenye puli kwa fimbo mashine ikikimbia, hata kama babu yako alifanya hivyo miaka yote.

Upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na eneo lako la kazi linatakiwa kusajiliwa huko. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri jukumu la kuziba sehemu hatari za mashine. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unakwenda mbali zaidi: unazuia hata kuuza au kukodisha mashine ambayo sehemu zake hatari ziko wazi. Ukiuziwa kinu bila kinga, mkumbushe muuzaji mkataba huo unapopatana bei. Halafu mwandikishe kijana wako kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (huo ni wa Tanzania Bara) kabla hajagusa swichi. Makubaliano ya mdomo na malipo ya kutwa humwacha bila ushahidi kwamba alikuwa kazini.

Mwisho, jiandae kama vile yatashindikana. Ukutani, karibu na mashine, uning'inizwe kisu kikali cha kukatia mkanda: mtu akinaswa, unazima, unangoja isimame, unakata mkanda ili puli izungushwe nyuma kwa mkono, humvuti. Kuwe na kisanduku chenye vitambaa safi vya kutosha. Damu inazuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa nguvu na kuinua mkono juu. Kidole kilichokatika kinafungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu, kinatiwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko ndio unaowekwa juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu wala maji. Namba ya mwenye gari wa jirani iandikwe ukutani kwa rangi, na mwendeshaji, mwenye mashine na muuza duka wa pembeni wote wajue hospitali ipi ina daktari wa upasuaji usiku.