Kupima umbali wa mbinguni kwa njia mbili: supanova na lenzi za mvutano

Usiku wa giza, ukisimama ufuoni Dunga hapa Kisumu, utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa ziwani. Chukua mashua moja yenye taa mbili. Umbali wake unaweza kuukadiria kwa jinsi mwanga ulivyofifia, au kwa pembe inayoonekana kati ya taa hizo. Ukungu ukitanda, njia ya kwanza itakudanganya: mashua itaonekana iko mbali kuliko ilivyo. Ile ya pembe haitikisiki.

Jaribio letu ni hilohilo: kulinganisha njia hizo mbili ili kujua kama mwanga unapotea njiani, supanova (nyota zinazolipuka) zikitupa ile ya kufifia, na lenzi za mvutano (galaksi ambazo mvutano wake hupinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake) zikitupa ile ya pembe. Mwaka 1933, mwanahisabati Etherington alithibitisha kwamba ikiwa chembe za mwanga hazipotei njiani, umbali wa mng'aro (DL, ule wa kufifia kwa mwanga) ni umbali wa pembe (DA) mara (1+z)², ambapo z ni kiasi cha mwanga kuvutwa kuelekea wekundu ulimwengu unapotanuka. Basi tunapima:

η = DL / [DA(1+z)²]

Ikiwa 1, uhusiano umesimama. Ikizidi 1, huenda kuna kitu kinachomeza mwanga njiani, kwa mfano vumbi.

Hatua ya 1: Data. Huhitaji darubini, laptopu ya kawaida yenye Python inatosha. Pakua supanova za aina ya Ia (zile ambazo mng'aro wake halisi unakaribia kufanana) kutoka mkusanyo wa Pantheon+ (supanova 1550, hadi z ya 2.26) na jedwali la lenzi, kwa mfano za mkusanyo wa SLACS. Kila lenzi iwe na z ya galaksi ya mbele (zl), z ya galaksi ya nyuma (zs), nusu kipenyo cha Einstein (θ, yaani pembe ya nusu kipenyo cha pete ya mwanga uliopindwa kuizunguka lenzi) na mtawanyiko wa kasi za nyota ndani ya galaksi ya mbele (σ).

Hatua ya 2: Lenzi. Kwa galaksi ya mfano rahisi, ule wa tufe lenye joto sawa kote:

R = θc² / (4πσ²)

Hapa c ni kasi ya mwanga, na R ni uwiano wa umbali kutoka lenzi hadi chanzo (galaksi ya nyuma) kwa umbali kutoka kwetu hadi chanzo. Tufanye zoezi kwa namba nilizozitunga: zl = 0.2, zs = 0.6, σ = 250 km/s, θ = sekunde 1.15 za tao. Badilisha θ iwe radiani kwanza! Utapata R = 0.638.

Hatua ya 3: Supanova. Kila lenzi inataka supanova mbili, moja karibu na zl na nyingine karibu na zs, pengo lisizidi 0.005. Ukikosa ya zs, iache lenzi hiyo. Supanova zilizopita z ya 1 ni chache mno. Tumia magnitudi (kipimo cha mwangaza unaoonekana; namba kubwa ni mwanga hafifu) zilizokwisha kusahihishwa kwa rangi na kasi ya kufifia: ml ya supanova iliyo karibu na zl, ms ya ile iliyo karibu na zs.

Hatua ya 4: Unganisha. Tukichukulia nafasi ya ulimwengu ni bapa, yaani haijapinda, na ηl na ηs zikiwa η kwenye zl na zs:

ηs/ηl = (1−R) × (1+zl)/(1+zs) × 10^[(ms−ml)/5]

Hapa ndipo ninapoipenda njia hii kuliko nyingine zote. Mng'aro halisi wa supanova na kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, mambo ambayo wataalamu bado wanayabishania, vinakatana na kutoweka. Kama magnitudi zinatofautiana kwa 2.8, jibu ni 0.362 × 0.75 × 3.63, yaani 0.986.

Hatua ya 5: Makosa. Usifurahie 0.986 bado. σ imo kwa mraba, kwa hiyo kosa la asilimia 5 katika kasi linakuwa asilimia 10 katika R, na kwa kuwa tunatumia 1−R, linafika karibu asilimia 18. Jibu la kweli ni 0.99 ± 0.17. Lenzi moja haisemi kitu. Lenzi 100 za aina hiyo, zisizotegemeana, zitashusha kosa hadi asilimia 2 hivi.

Kuna pia lenzi zitakazokupa R inayozidi 1, jambo lisilowezekana. Wengi huzitupa. Mimi nakushauri usizitupe kimyakimya: unaondoa makosa ya upande mmoja tu, na wastani unaelemea upande wa pili. Zidisha σ² kwa f², namba ya kusahihisha mfano wetu, uiache f² ielee kati ya 0.8 na 1.2, kwa sababu galaksi halisi si tufe kamili.

Hatua ya 6: Mstari. Weka η = 1 + η₀z, kisha tafuta η₀ inayolingana vyema na lenzi zako zote kwa pamoja, ukiiachia f nayo ibadilike. Chora kwenye grafu moja eneo la η₀ na f zinazolingana na data. Ukiona eneo hilo ni duara lililorefuka kimshazari, f na η₀ zinafichana (badiliko la moja linaweza kufidiwa na la nyingine), na kabla ya kutangaza kwamba mwanga unapotea, tafuta lenzi zenye σ iliyopimwa vizuri zaidi.