Kabla inspekteri hajabisha hodi: kuiweka nyumba ya watoto wadogo sawa na sheria mjini Lubumbashi

Nyumba nyingi za watoto wadogo mjini Lubumbashi zilianza bila mpango. Mama wa Katuba au Ruashi alipokea watoto wa majirani wanaoenda sokoni. Watano wakawa ishirini, akaongeza chumba, akamchukua binti wa kumsaidia, mwishowe akaandika jina la shule ukutani. Kazi yake ni njema, lakini leta, yaani serikali, inasoma karatasi. Maelezo haya ni ya mtu ambaye tayari ana watoto mkononi.

Jua kwanza unasimamiwa na nani

Umri wa mtoto ndio unaoamua. Watoto wa miaka 3 hadi 5 ni wa maternele (shule ya chekechea), na sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaihesabu maternele kuwa ngazi ya shule kamili, ya miaka mitatu, chini ya wizara ya elimu. Faili linaanzia kwenye sous-division (ofisi ndogo ya elimu) ya eneo lako, linapanda hadi Division ya Haut-Katanga 1, na agrema yenyewe, yaani kibali cha shule, inatoka kwa waziri, Kinshasa. Barua ya bugumestri, mkuu wa komini, ni ya lazima kwa amani ya kartie, lakini haigeuzi nyumba kuwa shule. Watoto walio chini ya miaka 3 ni wa upande mwingine: anza kwenye Division ya Affaires sociales (ofisi ya ustawi wa jamii) ya jimbo.

Kosa linalorudi kila mwaka ni nyumba yenye karatasi za maternele inayopokea pia watoto wa miezi minane, wakalala chini ya meza wakati wakubwa wanaimba. Ukiwataka wote, fungua mafaili mawili, tenga vyumba viwili, na uwe na walezi wasiohamahama kati ya vyumba hivyo.

Faili

Andika barua ya maombi kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi. Ambatanisha hati ya anayeendesha nyumba ya watoto (RCCM, yaani namba ya rejista ya biashara, kama ni biashara; kama ni shirika lisilo la faida, karatasi zake chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001), hati ya lupango (kiwanja) au mkataba wa kodi uliotiwa sahihi, mchoro wa majengo wenye vipimo kwa mita, na orodha ya wafanyakazi pamoja na diploma zao. Walau mlezi mmoja awe na D6 (diploma ya kumaliza sekondari) ya pedagojia.

Tengeneza nakala tatu. Mbili zinabaki ofisini. Ya tatu inarudi nawe ikiwa na kashe (muhuri), tarehe na sahihi ya aliyepokea. Usitoke bila hiyo. Faili likipotea, na mafaili hupotea kweli, nakala yenye kashe ndiyo itakayoonyesha kwamba ulijitambulisha mwenyewe.

Malipo halali yana karatasi yake: ofisi inakuandikia note de perception (karatasi ya kiasi cha kulipa), unalipa benki, unaleta risiti ya benki. Franga zinazopita mkono kwa mkono hazitakusaidia mwaka ujao atakapokuja ofisa mwingine.

Rejista, mahali ambapo wengi huanguka

Inspekteri mwenye uzoefu haanzi na agrema. Anahesabu vichwa. Rejista ikisema 32 na darasani wako 41, hao tisa ndio watakaojaza PV, yaani ripoti ya ukaguzi. Kwa hiyo majina yaandikwe kila asubuhi, mtoto anapoingia mlangoni, na si jioni kwa kukumbuka. Rejista iliyojazwa usiku mmoja inajulikana tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna mtoto aliyewahi kukosa hata siku ya mvua kubwa.

Kila mtoto awe na bahasha yake. Ndani uweke nakala ya cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Aliyepitwa na muda asifukuzwe, bali mzazi aelekezwe kwenye ofisi ya état civil (uandikishaji wa vizazi) ya komini, na wewe uandike tarehe uliyomwambia. Weka pia nakala ya karata ya chanjo. Hapa kwetu BCG na polio ya kwanza hutolewa mtoto anapozaliwa, nyingine wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na homa ya manjano mwezi wa 9. Soma tarehe, usihesabu mihuri tu. Mwisho, majina ya watu wawili au watatu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na namba zao za simu. Mjomba asiyeandikwa humo, hata mtoto akimkimbilia kwa furaha, anasubiri mpaka mama apigiwe simu.

Daftari la ajali ni la peke yake: saa, kilichotokea, aliyeona, kilichofanyika, sahihi ya mzazi jioni ileile. Wengi wanaogopa kuliandika wakidhani litawashtaki. Lakini jeraha lisiloandikwa, mzazi akilileta ofisini, halina mtu wa kukutetea.

Maji, choo, moshi

Lupango za mjini ni ndogo, na kisima hukaa karibu mno na choo cha shimo. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 kati yake, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Kama nafasi haipo, usibishane na kipimo: maji ya kisima hicho yawe ya kufulia na kudeki, na ya kunywa yatoke Regideso, shirika la maji, au kwenye foraje (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) iliyo mbali. Yatie klorini, subiri dakika 30, pima: inayobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Bido la maji ya kunywa liwe na mfuniko na robine (bomba). Kikombe kikizamishwa humo mara moja tu, mikono ya watoto thelathini imeingia.

Tundu la choo cha watoto lisizidi upana wa sentimita 15. Lenye upana wa mkubwa linawatisha, nao huishia kujisaidia pembeni. Robine ya kunawia iwe sentimita 50 hadi 60 kutoka chini, na sabuni ionekane, isifungiwe kabatini.

Juni na Julai asubuhi kuna baridi kali, na ndipo mbabula, jiko la makaa, huingizwa chumbani. Hapana. Makala (makaa) yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtoto aliyelala haamki kulia. Waongezee blanketi, au wachelewe kuingia mpaka jua lipande.

Na fimbo: iondoke mezani kabisa. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inataka nidhamu ya shuleni itolewe kwa utu, na fimbo inayoonekana humlazimisha inspekteri kuuliza maswali.

Siku ya ziara, na baada yake

Mkaribishe, mpe kiti, kisha umwombe kwa heshima akuonyeshe ordre de mission, karatasi ya aliyemtuma. Soma jina lake, ofisi yake, tarehe na kazi aliyotumwa. Mgeni asiye nayo asiachwe peke yake na watoto, na asipewe mafaili yao. Mwenye nayo aongozwe na mtu mmoja anayejua kila kitu kilipo. Walezi wengine wabaki na watoto, maana chumba kikiachwa bila mkubwa wakati wa ukaguzi, umejiandikia kosa mwenyewe.

Asipokubaliana nawe, usipaze sauti. Omba maneno yako yaandikwe ndani ya PV kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala. Sahihi inaonyesha kwamba ulikuwepo. Ukitaka, andika juu yake kwamba una maoni tofauti.

Wiki ileile, jibu kwa barua. Chukua kila kosa kwa namba yake, andika kilichorekebishwa, tarehe, na ambatanisha picha. Kinachohitaji fedha, kama shimo jipya la choo, kipe tarehe unayoweza kuitimiza kweli. Ahadi ya "hivi karibuni" itasomwa kama kukataa. Barua hii nayo ipigwe kashe.

Ikifika amri ya kufunga, iombe kwa maandishi, ikiwa na sababu na jina la aliyetia sahihi. Watoto warudi nyumbani kwa utaratibu, mzazi mmoja mmoja akipigiwa simu. Kuendelea kuwapokea kwa mlango wa nyuma kunageuza kasoro ya choo kuwa uasi. Kisha andika kwa aliyetoa amri kuomba aifikirie upya, nakala kwa mkubwa wake, na ombi la ziara nyingine mara marekebisho yanapokwisha. Usifungue kwa neno la mdomo. Subiri karatasi inayoiondoa amri ile, uibandike mlangoni pale ilipokuwa ya kwanza, ndipo uwapigie wazazi.