Umepigwa na polisi: namna ya kufikisha lalamiko nje ya kituo kabla alama hazijafutika

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Manzese, Dar es Salaam. Wanaonijia zaidi ni vijana wa bodaboda, wamachinga na mama zao, na wengi huja majeraha yakiwa yameshakauka. Mtu anakwambia alipigwa mwezi uliopita, mkononi hana karatasi hata moja. Wakati huo kitabu cha kituo kina maelezo ya askari, na maelezo ya askari yanasema mtuhumiwa alianguka akikimbia. Kwa hiyo haya fanya siku ile ile, au kesho yake asubuhi.

Anza na hospitali. PF3, fomu ya matibabu ya aliyejeruhiwa, inatolewa na polisi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu hawataki kurudi walikopigwa. Usirudi. Nenda kituo kingine, ongozana na mtu mzima, ikiwezekana mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kaunta eleza kwa kifupi ulivyoumizwa, chukua PF3 na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, ondoka. Ukiwa na hali mbaya pita moja kwa moja Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili, ndugu ataifuata PF3 nyuma yako. Na tafadhali sana, kama umepigwa sana halafu mkojo ukatoka na rangi ya strungi, mwambie daktari papo hapo. Misuli iliyopondeka inamwaga kwenye damu vitu vinavyoziba figo, na mtu anaweza kufa siku kadhaa baadaye huku nyumbani wakidhani amepona.

Kwa daktari usiseme umeanguka. Najua woga unavyofanya, lakini atakachoandika yeye ndicho utakachosimama nacho. Mwambie nani alikupiga, kwa kitu gani, ukiwa umekaa vipi, umefungwa pingu au la. Mwombe aandike kila alama ilipo, urefu wake kwa sentimita, umbo na rangi. Rungu au bomba likimpiga mtu kwenye nyama mara nyingi huacha mistari miwili sambamba iliyovimba, na katikati ngozi inabaki karibu na kawaida. Kuanguka lami hakuachi alama ya namna hiyo. Kijana mmoja wa boda alikuwa nayo mgongoni, na daktari aliyemwona alichora mwili kwenye karatasi akaonyesha kila mstari ulipopita. Mchoro ule ulifanya kazi kuliko maneno yote niliyomwandikia mimi. Pingu zilizobana sana huleta ganzi upande wa kidole gumba. Hiyo nayo iandikwe. Ukiwa umepigwa nyayo sema mapema, kwa kuwa uvimbe wa nyayo hupungua haraka na baada ya hapo hakuna cha kumwonyesha mtu.

Picha zipigwe mchana, kwenye mwanga wa jua. Moja ionyeshe uso na jeraha pamoja, nyingine iwe ya karibu, na pembeni weka rula au sarafu ya shilingi mia mbili ili ukubwa uonekane. Rudia kila siku kwa siku chache, maana damu iliyovilia hubadilika rangi. Picha halisi ibaki kwenye simu iliyoipiga. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa na kumbukumbu ya saa na tarehe inaondoka. Itume kama faili.

Kisha zunguka eneo la tukio, au mtume ndugu. Kamera za madukani hujifuta zenyewe baada ya muda, kwa hiyo mwombe mwenye duka akunakilie mapema. Mama ntilie aliyeona, vijana wa kijiwe, kondakta wa daladala: chukua majina na namba zao wangali wanakumbuka.

Halafu kaa chini uandike mwenyewe, kwa Kiswahili chako. Saa, mahali, namba ya difenda (za polisi zinaanza na PT), jina au namba ya askari kama uliiona, na kama alikuwa askari kanzu, umbo lake na nguo alizovaa. Andika uliingizwa mahabusu saa ngapi na ulitoka saa ngapi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa na inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, tena inakataza kutumia nguvu zaidi ya inavyohitajika kumkamata. Katiba, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku kutesa mtu. Ulichoandika kisiwe na matusi wala kubahatisha. Usichokiona usikiandike.

Sasa, upeleke wapi? Unaweza kumlalamikia askari kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), na mimi huwa napeleka nakala huko ili isije ikasemwa hawakujua. Lakini usiishie hapo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja walikamatwa Sinza, wakauawa msitu wa Pande, na polisi wakatangaza kwamba wameua majambazi. Ukweli ulitoka baada ya Rais Kikwete kuunda tume chini ya Jaji Kipenka. Mwaka 2022, baada ya kijana mfanyabiashara wa madini kuuawa na askari Mtwara, Rais Samia mwenyewe alikataa hadharani polisi kujichunguza, akataka kamati nyingine iundwe. Hizo zilikuwa kesi kubwa zilizofika Ikulu. Wewe wa Tandale hutaundiwa tume. Kenya wana IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, yenye wachunguzi wake. Sisi hatuna chombo cha namna hiyo, na naamini tunakihitaji sana.

Tulichonacho ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya 2001. Makao makuu yapo Dodoma, na Dar ina ofisi. Kulalamika ni bure, na ndugu anaweza kulalamika kwa niaba yako. Haihukumu, inachunguza na kutoa mapendekezo, na yasipotekelezwa inaweza kwenda mahakamani. Jambo kubwa la kujua: haichunguzi shauri ambalo tayari liko mahakamani. Kwa hiyo ongea na mwanasheria kabla hujafungua chochote. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Kijitonyama, husaidia wasio na uwezo. Ukitaka kudai fidia kwa serikali kuna notisi ya siku 90, nayo inahitaji mwanasheria aiandike vizuri.

Ndugu akifia mahabusu, sheria inataka uchunguzi wa kifo mbele ya korona, ambaye ni hakimu. Najua kwetu Waislamu maiti huharakishwa. Hata hivyo msizike kabla mwili haujachunguzwa, na ombeni daktari mnayemwamini awepo.

Wanaoogopa kufuatwa nyumbani huwa nawaambia watumie anwani ya ofisi ya msaada wa kisheria kwenye barua, na wasirushe mtandaoni majina ya mashahidi. Ukiombwa pesa ili jambo liishe, piga 113, TAKUKURU.

Barua ya Tume ichapishe nakala tatu. Moja unawaachia, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uulize namba ya jalada na jina la ofisa anayelishughulikia, ili ukipiga simu uwe na wa kumuuliza. Ya tatu, pamoja na nakala ya PF3 na picha, mkabidhi mtu ambaye hukai naye nyumba moja.