Ligi ya hoki ya watoto Dar, bila barafu

Kusubiri barafu Dar ni kusubiri meli uwanja wa ndege. Nairobi wamecheza miaka yote hii kwenye barafu ya Hoteli ya Panari, iliyofunguliwa 2005 na ni ndogo kuliko uwanja kamili wenye urefu wa mita 60, na bado Kenya ikapokewa kwenye Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024. Hapa kwetu mtoto anaanzia kwenye skeiti za magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja. Kusukuma, kupinda na kupokea pasi vinafanana sana na vya barafuni. Kinachotofautiana ni kusimama ukiwa kwenye mwendo, na tutafika huko.

Uwanja wa kikapu wa saruji, mita 28 kwa 15, unatosha watoto watatu watatu na kipa kila upande. Upapase kwa kiganja kwanza. Ukikwaruza kama msasa, utakula magurudumu na magoti. Ukiwa umepigwa niru ya kuteleza, watoto hawatashika njia. Kisha mwaga ndoo chache za maji: yanapotuama ndipo patakapokuwa na matope baada ya kila mvua. Ligi ipangwe Juni hadi Septemba, masika ikiwa imekwisha na vuli bado.

Pembeni weka mbao za inchi 1 kwa 8, zisimame kwa ubavu, zikiegemezwa kwa nje na vipande vya pembetatu. Mzunguko ni mita 86, hivyo mbao 24 za futi 12 zinatosha. Usiache kona za mraba. Mpira ukiingia humo watoto sita wanarundikana kuuchokonoa na mchezo unakufa. Kata kila kona kwa ubao mmoja wa mshazari.

Goli moja linatoka kwenye mabomba mawili ya plastiki ya inchi 2, ya mita 6 kila moja, na elbo sita. Kata vipande viwili vya mita 1.8 (mwamba wa juu na bomba la nyuma chini), viwili vya 1.2 (nguzo) na viwili vya 0.8 (ubavu wa chini). Bomba la nyuma lijaze mchanga kabla ya kulitia gundi, la sivyo goli litahama kila likiguswa. Funga kamba kutoka kona za juu hadi za nyuma, kisha tandika wavu wa samaki juu yake.

Magongo (mwambie mzazi "gongo la hoki", asije akaelewa kile kinywaji) yanaweza kuchongwa na mafundi wa Keko. Mpini uwe mbao nyepesi, kama sentimita 3 kwa 2, ufike kidevuni mtoto akiwa amevaa skeiti. Bapa la chini likate kwenye plaiwudi, urefu sentimita 25, kimo 6, ligundishwe na kukazwa kwa skrubu mbili. Fundi akitaka kuchonga gongo zima kwenye ubao mmoja, kataa: nyuzi za mbao zinakatika pale gongo linapopinda, na hapo ndipo linapovunjikia. Gongo la hoki ya majani nalo halifai, kwa sababu upande wake mmoja tu ndio bapa.

Mpira wa tenisi unadunda mno. Chukua mipira ya plastiki ya hoki ya mtaani, ile ya rangi ya chungwa iliyotengenezwa kwa ajili ya joto. Ya waridi ni ya nchi za baridi na hapa inalegea. Lakini mpira huo mgumu unauma, kwa hiyo kila mtoto avae kofia ngumu yenye wavu wa uso, glavu, na kinga za magoti na viwiko. Hapa hakuna kubembelezana.

Skeiti nunua zinazorefushwa, kwa kuwa pea moja inahudumia saizi tatu au nne. Kipa aanze na raba, hivyo mechi moja inahitaji pea 12. Magurudumu yawe ya ugumu wa 82A hadi 85A. Laini zaidi ni ya ndani. Hewa ya bahari inatia kutu beringi, 16 kwa kila pea. Usizioshe kwa maji: zisuuze kwa mafuta ya taa, zikauke kabisa, kisha tone moja la oili ya cherehani. Gurudumu likiliwa upande mmoja, ligeuze.

Wiki mbili za kwanza hakuna gongo. Watoto wajifunze kuanguka kwa magoti, kisha kusimama wakiwa kwenye mwendo: mguu wa mbele umepinda goti na kubeba uzito, wa nyuma unaburutwa kwa kuukingamisha, kama herufi T. Kosa ni lilelile kila mara: mtoto anaweka uzito kwenye mguu wa nyuma, anazunguka kama pia na kukaa chini. Mwambie aangalie mbele, si miguuni. Asiyeweza kusimama ndani ya mita 3 asiingie mechini, hata kama ndiye mwenye mbio kuliko wote. Huyo ndiye hatari zaidi.

Timu sita za watoto wanane: vikosi viwili vya watatu, kipa na wa akiba. Wapime mbio za kwenda na kurudi, kisha wagawe kwa nyoka: wa 1 hadi wa 6, halafu wa 7 aende timu ya sita mkirudi nyuma. Ndugu wabaki pamoja. Wanakuja kwa bajaji moja.

Kila timu ikikutana na nyingine mara moja ni mechi 15, yaani Jumamosi tano za mechi tatu tatu. Kipindi ni dakika 12, viwili kwa mechi, na filimbi kila sekunde 90 ili vikosi vibadilishane. Bila filimbi hiyo mtoto mahiri hatoki. Tenga dakika 45 kwa kila mechi, kwa sababu kuvuliana skeiti kunakula robo saa. Anza saa 12:30 asubuhi, na mechi ya tatu itaisha kabla ya saa 3, saruji haijawa kikaango.